Kutafuta Kikao: Nasaha kwa Wenye Azma ya Kuacha Pombe Wilayani Rungwe

Mtu aliyeazimia kuacha pombe katika Tukuyu, au katika kijiji chochote baina ya Kiwira na Masoko, aghalabu huanza kwa kujitenga na watu. Hukata mguu kilabuni, hubadili njia ya kurudi nyumbani ili asipite penye masahibu zake, huwaambia jirani kuwa afya yake si nzuri, na kwa wiki moja au mbili huishi katika upweke ambao yeye huuhesabu kuwa ndio ushujaa. Kisha jioni moja ya mvua isiyokatika, au siku ya malipo ya majani ya chai, upweke ule ule aliouchagua uwe kinga yake humkabidhi mikononi mwa adui aliyemkimbia. Sisemi haya kwa kumlaumu. Nia yake ilikuwa safi na juhudi yake ilikuwa ya kweli, ila alikwenda peke yake katika vita ambavyo, kwa ushahidi wa wengi walioshinda, havipiganwi na mtu mmoja. Shauri langu katika makala hii ni kwamba mwenye kutaka kuachana na ulevi awatafute wenzake wenye maradhi yale yale, akae nao kikao kwa siku na saa maalumu, na aendelee kukaa nao hata baada ya kujiona amepona. Na iwapo hakuwapata wengi, basi amtafute mmoja tu, kwa maana wawili wanatosha kuwa kikao.

Lakini kabla sijafika kwenye kikao yanipasa kusema neno juu ya mwili, kwa kuwa wako waliokufa kwa kuacha pombe vibaya, na misiba ya namna hiyo ingeweza kuepukwa. Mtu anayekunywa kila siku kwa muda mrefu, ambaye asubuhi mikono yake hutetemeka mpaka apate kikombe cha kwanza, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Baina ya saa 6 na saa 24 baada ya kikombe cha mwisho huanza jasho, mtetemeko, kichefuchefu na kukosa usingizi. Katika siku mbili za mwanzo huweza kumwangusha kifafa ambacho hakuwa nacho kabla. Na tangu siku ya pili mpaka ya nne, kwa baadhi ya watu, huja wazimu wa ghafla pamoja na homa, mgonjwa akaona wadudu na watu wasiokuwapo, na hali hiyo isipotibiwa huweza kuua. Ahali zake wakiyaona hayo husema amerogwa, wakamkimbiza kwa mpiga ramli, na saa za kuokoa roho zikapita bure. Mahali pake ni hospitali: Makandana mjini Tukuyu, au Igogwe, au Itete kwa watu wa Busokelo, na ikiwa hali ni nzito zaidi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyoko Mbeya. Tiba yake yajulikana, nayo ni dawa za kutuliza zinazopunguzwa siku baada ya siku, pamoja na vitamini B1 ya kuulinda ubongo. Mgonjwa amweleze tabibu kweli yote juu ya kiasi anachokunywa, pasipo kupunguza kwa sababu ya haya, maana kipimo cha dawa hutegemea kweli hiyo.

Asiye na yakini kama amefika mahali pa kuhitaji msaada anaweza kumwomba muuguzi amsomee maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani yanayojulikana kwa jina la AUDIT. Maswali hayo yalitungwa katika miaka ya 1980 na kujaribiwa kwanza katika nchi sita, jirani yetu Kenya ikiwa mojawapo, kwa hiyo asiseme mtu kwamba yalipimwa kwa Wazungu peke yao. Huuliza mara ngapi unakunywa, kiasi gani kwa siku moja, kama umewahi kushindwa kukoma baada ya kuanza, kama umejeruhi mtu au kujeruhiwa kwa ajili ya kileo, na kama ndugu au tabibu amekwisha kukuonya. Jumla ya alama 8 au zaidi ni onyo. Hata hivyo, mimi naona kuwa mtu anayejiuliza usiku wa manane kama pombe imemshinda, amekwisha kujijibu kiasi cha kumtosha kwenda kuketi na wenzake na kuwasikiliza.

Sasa nieleze asili ya vikao hivi, kwa sababu ndani ya asili yake umo mwongozo wa namna ya kuvitafuta. Mwezi Mei 1935 dalali mmoja wa hisa kutoka New York, jina lake Bill Wilson, alikuwa katika mji wa Akron huko Marekani kwa shauri la biashara lililomwendea kombo. Miezi mitano ilikuwa imepita hajaonja kileo. Akajikuta amesimama katika ukumbi wa hoteli, fedha zimemwishia, moyo umemvunjika, upande mmoja zasikika sauti za kicheko kutoka baa, na upande wa pili ipo simu pamoja na orodha ya makanisa ya mji ule. Alikwenda kwenye simu. Wala hakuwapigia watu wa kanisa ili aombewe. Aliomba aelekezwe kwa mlevi mwingine apate kuzungumza naye, kwa kuwa alikwisha kutambua katika miezi ile mitano kwamba kila alipojaribu kumsaidia mlevi mwenziwe, hata kama yule hakusaidika, uchu wake mwenyewe ulitulia. Kwa njia hiyo alikutanishwa na tabibu wa upasuaji, Bob Smith, ambaye alikubali kumpa dakika 15 tu, na mazungumzo yao yakaendelea kwa saa nyingi. Tabibu huyo alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka ule, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho ulimwengu mzima hukiita AA.

Natamani msomaji wa Rungwe aitazame habari hii kwa nadhari. Kikao cha kwanza hakikuwa na jengo, wala katiba, wala mfadhili. Kilikuwa na watu wawili wenye maradhi mamoja, na mmoja wao alimpata mwenziwe kwa kuuliza kanisani. Tena aliyemtafuta mwenziwe hakuwa amepona zamani akashuka kutoka juu kuja kufundisha, bali alikuwa karibu mno na kuanguka, akatafuta mtu wa kumsaidia ili asianguke yeye. Sijui shauri lililo jepesi kwa maneno na zito kwa maana kuliko hili. Na kwa wale wanaotaka ithibati ya kitaalamu, mwaka 2020 John Kelly, Keith Humphreys na Marica Ferri walitoa uchunguzi uliokusanya tafiti 27 zenye watu 10,565, wakaona kuwa njia ya AA, pamoja na matibabu yanayomwelekeza mgonjwa kwenye vikao hivyo, humweka mtu mbali na kileo mfululizo kwa nguvu iliyozidi matibabu mengine mashuhuri yaliyolinganishwa nayo. Hospitali hutoa sumu mwilini kwa siku chache; kikao hubaki na mtu kwa miaka, nacho hakina ada.

Naam, ipo sababu nyingine inayonifanya niamini kuwa nchi hii ya milima na migomba inafaa kwa vikao vya namna hii kuliko nchi nyingi. Godfrey na Monica Wilson, wataalamu waliokaa Unyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika jinsi vijana wa rika moja walivyoondoka katika nyumba za wazazi wao na kujenga kijiji chao wenyewe, wakala pamoja, wakazungumza pamoja, wakazeeka pamoja. Na kitabu alichokitoa Monica mwaka 1951 amekiita kwa desturi hiyo ya kuketi katika ujamaa mwema, ambayo wenyewe huiita ukwangala. Ilisadikiwa kwamba busara ya mtu hutoka katika mazungumzo na marika zake, na kwamba anayekula peke yake gizani ni mtu wa kushukiwa. Vijiji vile vya marika havipo tena kwa sura ile ya kale, lakini roho yake ingali hai barazani, sokoni na msibani.

Ni kweli pia, na haifai kuificha, kwamba kimpumu cha ulezi kilikuwa ndani ya ukarimu huo tangu hapo, na kwamba chungu kikishuka ndipo maneno hupanda. Kwa hiyo mtu wa Rungwe anayeacha pombe haachi kinywaji tu. Hupoteza baraza lake, habari za kijiji, mizaha ya rika lake, na mahali ambapo jina lake hutajwa akichelewa kufika. Anayemwambia abaki nyumbani atulie, hata akisema kwa mapenzi, amempa adhabu ya kufungwa pasipo kosa. Mtu huyo anahitaji baraza badala ya baraza, na marika badala ya marika. Na kikao cha watu wanaojinasua na pombe, kwa wasifu wake wote, ni ukwangala usio na chungu katikati.

Kuna pingamizi moja kubwa, nalo ni siri. Tukuyu ni mji mdogo, na katika nchi ambayo majina mengi ya koo huanza kwa Mwa-, mtu akitaja jina lake kamili amewataja babu zake, shangazi zake na wakwe zake wote, na kabla basi la jioni halijaondoka habari zimekwisha kufika nyumbani. Hofu hii ni ya haki, wala simdharau mwenye kuwa nayo, hasa mwalimu, mzee wa kanisa au muuguzi ambaye riziki yake imefungamana na heshima yake. AA iliitambua hofu hii mapema, ikaweka desturi kwamba mtu hutaja jina lake la kwanza tu, hakuna daftari la mahudhurio, na lisemwalo katika chumba halitoki chumbani. Mwenye hofu nyingi hana budi kujua kwamba yaruhusiwa kabisa kuhudhuria kikao cha mji mwingine. Kutoka Tukuyu mpaka Mbeya ni mwendo wa kilomita kama 70 kwa barabara ya lami, na mtu aliyekuwa akitumia nauli ya namna hiyo kwa kileo cha jioni moja hawezi kusema safari ni ghali. Lakini nimwambie na la pili: jirani zake wamekwisha kujua. Walimwona njiani, walimsikia usiku, na wengi wao, kinyume cha anavyodhani, watafurahi kumwona anapita akielekea mahali pengine.

Basi atafute wapi? Asitarajie kukuta kibao kando ya barabara, kwa maana vikao vya namna hii havijitangazi, na pengine hufanyika katika chumba cha darasa au nyuma ya ofisi ya parokia kwa miaka bila ya mpita njia kujua. Aanze na muuguzi au tabibu anayeshughulika na maradhi ya akili katika hospitali iliyo karibu naye, kwa kuwa huyo huwaona walevi wengi na ndiye mwenye nafasi ya kuwaunganisha. Kisha amwendee Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, ambaye kazi yake kwa sheria ni mambo ya aila na watu walioelemewa. Halafu makanisa: Wamoravian, ambao misheni yao ilianza Rungwe mwaka 1891, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri kwa Dayosisi yake ya Konde yenye makao Tukuyu, na parokia za Katoliki; na kwa Mwislamu, imamu wa msikiti wake, ambaye kwake habari ya kuacha mvinyo haihitaji utangulizi. Haimpasi kusimulia maisha yake yote kwa kila anayemwuliza. Maneno haya yanatosha: "Namtafuta mtu aliyekuwa akinywa na sasa hanywi, nataka kuzungumza naye." Akiyasema kwa watu watatu au wanne wenye murua, nina matumaini makubwa kuwa mmoja wao atataja jina.

Hapa kuna jambo ambalo huchanganywa, nami ningependa lieleweke pasipo kumwudhi mtu. Ibada ya maombezi si kikao, na kikao si ibada. Mtu anaweza kuombewa mbele ya usharika mzima, akalia machozi ya kweli, akaungama, na wiki ya pili akarudi kilabuni, si kwa kuwa Mungu hakusikia, bali kwa kuwa baada ya maombi hakuna aliyemwuliza Jumatano jioni hali yake ikoje. Mchungaji mwenye hekima atawapa walevi wake chumba na saa, kisha atafunga mlango na kuwaachia wazungumze wenyewe kwa wenyewe, akijua kwamba mlevi humwambia mlevi mwenziwe mambo ambayo hawezi kuyasema mbele ya joho.

Kwa mtu ambaye hakumpata yeyote karibu, au anayeishi mbali kule Mwakaleli ambako mvua huigeuza njia kuwa matope, simu ya mkononi imefungua mlango mpya. Tangu mwaka 2020, wakati maradhi ya korona yalipowazuia watu kukusanyika, vikao vya AA kwa njia ya intaneti vimekuwa vingi duniani, na vipo saa zote za mchana na usiku. Vingi huendeshwa kwa Kiingereza, na bando huliwa upesi picha zikiwashwa, kwa hiyo azime kamera, asikilize sauti tu, jambo linalomhifadhia siri pia. Aidha katika nyumba za upataji nafuu, ambazo tangu mwaka 2009 zimeenea Zanzibar na baadaye bara, kuna watu wengi waliojifunza hatua 12 za AA kwa Kiswahili na kuziishi. Wengi wao waliingia kwa sababu ya heroini, lakini uraibu ni ndugu wa tumbo moja, na mtu wa kule akipokea simu kutoka Tukuyu ataielewa lugha ya mwenziwe pasipo mkalimani. Hata hivyo, simu isiwe mwisho wa safari. Sauti ya mbali haioni macho mekundu, wala hainusi pumzi.

Siku ya kikao cha kwanza afike mapema kidogo, na asiwe amekunywa siku ile. Lakini kama amekunywa na anaweza kuketi kwa staha, aende vivyo hivyo, akae kimya, asikilize. Atakuta watu wameketi duara au mistari miwili ya mabenchi, mmoja akiongoza kwa zamu. Kikao huchukua saa moja au zaidi kidogo. Husomwa maneno machache ya kufungua, kisha mmoja baada ya mwingine hueleza alivyokuwa, kilichotokea, na alivyo sasa. Anayesema hakatizwi, hajibiwi, hahukumiwi wala hapewi amri, na jambo hili, kwetu sisi tuliozoea vikao vya ukoo ambapo kila mzee ana hukumu yake, huwa geni mno mwanzoni na baadaye huwa faraja. Hakuna anayelazimishwa kusema. Akifikiwa na zamu anaweza kutaja jina lake la kwanza, akasema leo amekuja kusikiliza, na hiyo yatosha. Mwishoni huenda ikapitishwa sahani ya sadaka kwa ajili ya chai na mishumaa, na asiye na kitu haulizwi.

Nina ombi juu ya kikao hicho cha kwanza: msomaji asikitumie kuhukumu vikao vyote. Yamkini atakuta watu wazee mno au vijana mno, atasikia kisa kibaya kuliko chake akasema moyoni, "Mimi sijafika huko," au atasikia kisa chepesi akasema, "Huyu hajui pombe." Mawazo yote mawili hutoka chanzo kimoja, nacho ni maradhi yanayotafuta njia ya kutoka chumbani. Ahudhurie mara sita angalau, kwa muda usiozidi wiki tatu ikiwezekana, ndipo aamue. Katika vikao hivyo asikilize kwa makini ni nani ambaye maneno yake yanamgusa, na baada ya kikao amwendee, amwombe namba ya simu. Huyo huenda akawa mlezi wake, yaani mtu aliyemtangulia kwa mwaka mmoja au zaidi bila kileo, wa jinsia moja naye, anayeweza kupigiwa simu saa nne za usiku pasipo kununa. Mlezi si mkopeshaji wa fedha wala mpatanishi wa ndoa.

Yako pia makundi ya kuyakimbia, na ni insafu kuyataja. Kundi linalodai kiingilio kikubwa, linalouza chupa za dawa ya miti shamba ya kukata hamu, linalowataka watu waache vidonge walivyoandikiwa na tabibu, linalotawaliwa na mtu mmoja asiyekosolewa, au ambalo siri zake husikika sokoni, halifai hata kama kiongozi wake ana ufasaha wa ajabu. Na mwanamke aliyefika kikaoni akaona jicho la mwanamume linamfuata kwa jinsi isiyo ya heshima, aondoke bila kuomba radhi, atafute wanawake wenzake.

Wanawake nataka kuwasemea zaidi, kwa kuwa hawasemewi. Mlevi mwanamume hupewa jina la mlevi. Mwanamke akinywa hupewa majina mabaya zaidi, kwa hiyo hunywa ndani, na huchelewa mno kutafuta msaada. Tena wako wapika pombe, wengi wao wajane au walioachwa na watoto, ambao komoni na pombe ya ndizi ndiyo karo ya shule na ndiyo chumvi ya nyumbani, na ambao huonja kila pipa kwa kazi mpaka kuonja kukawa kunywa. Kumwambia mama wa namna hii aache pombe pasipo kumsaidia kuacha biashara ya pombe ni kumwambia alale njaa. Hapo ndipo kikundi cha VICOBA cha wanawake kinaweza kufanya kazi ambayo kikao hakiwezi, kwa kumkopesha mtaji wa kuuza maziwa, ndizi au maparachichi, mazao ambayo ardhi hii huyatoa kwa wingi; lakini mambo haya mawili yasichanganywe katika chumba kimoja, kwa sababu penye deni hapasemwi kweli yote.

Ikiwa msomaji ameuliza kote na hakuna kikao karibu naye, basi imempasa kukianzisha, na asitishike na neno hilo. Amtafute mwenziwe mmoja. Wachague chumba kisicho jirani na kilabu, chenye mlango unaofungika, na ambacho kuingia kwake hakumtambulishi mtu. Darasa la shule baada ya masomo lafaa kuliko ofisi ya kijiji. Wamweleze mwenyekiti wa kitongoji kwamba ni mkutano wa watu wanaotunza afya zao, bila ya kutaja majina, ili usizuke uvumi wa siasa. Waweke siku na saa, na wasizibadilishe kamwe, si kwa mvua, si kwa mechi ya mpira, hata kama ni wawili tu kwa miezi mitatu, kwa maana mtu wa tatu atakayekuja siku moja akiwa amekata tamaa akikuta mlango umefungwa hatarudi. Wasiandike majina. Wasikusanye fedha zaidi ya zile za chai. Uongozi uende kwa zamu tangu wiki ya kwanza, ili aliyeanzisha asije akajiona mmiliki.

Katika kuchagua siku watazame kalenda ya mahali pao, na hapa wenyeji wanajua kuliko kitabu chochote. Pombe haimshambulii mtu siku zote kwa nguvu sawa. Siku ya malipo ya chai au ya maziwa, siku ya gulio, Jumapili alasiri baada ya ibada, ndizo siku ambazo mfuko una kitu na miguu inajua njia; kwa hiyo kikao kiwekwe jioni ya siku hizo hasa, saa ile ile ambayo vilabu hujaa. Msiba una shida yake peke yake, kwa kuwa msiba wa Wanyakyusa ni mkubwa, watu hutoka mbali, hukaa siku kadhaa, na kukataa kikombe huweza kuonekana kama kukataa huzuni ya wenzako. Mtu asikwepe msiba. Asiende peke yake. Waende wawili wa kikao kimoja, waketi pamoja, washike kazi ya kupasua kuni au kuchota maji, na waondoke pamoja kabla giza halijaingia.

Nao wa nyumbani wasisahauliwe. Mwaka 1951 Lois Wilson, mke wa yule dalali wa New York, alikuwa miongoni mwa waasisi wa Al-Anon, vikao vya ahali na rafiki za walevi, kwa kuwa wake waliokuwa wakiwasubiri waume zao nje ya chumba waligundua kwamba wao nao wamejeruhiwa. Mama anayemfuata mumewe kilabuni, anayelipa madeni yake, anayemdanganyia kwa mwajiri kuwa ana malaria, amechoka kwa namna ambayo mumewe akiacha kunywa kesho bado uchovu huo utabaki. Wanawake wawili au watatu wa hali hii wakikutana saa ile ile katika chumba cha pili, wakazungumza mambo yao wenyewe badala ya makosa ya waume zao, watapata nafuu hata kama waume hawajapata.

Mwisho kuna mtu atakayeanguka. Katika kila kikao yupo, na pengine atakuwa yule aliyesema kwa ufasaha kuliko wote. Ataacha kufika wiki moja, kisha wiki ya pili, na wenzake watasikia kuwa ameonekana Kiwira akiwa hajiwezi. Wasimtumie ujumbe wa simu, kwa kuwa hatausoma, wala wasimtume mtoto. Waende wawili, asubuhi, wakati kichwa chake kingali kinauma na kilabu hakijafunguliwa. Wabishe hodi, wasimsimulie walichosikia, wasimwulize kwa nini, wakubali uji au chai kama mke wake atawakaribisha. Na wakati wa kuondoka wamwambie siku na saa ya kikao kana kwamba hajawahi kuijua, na ni nani atakayempitia nyumbani ili waende pamoja.